Je, Wajua? Zinfandel, Zabibu za Italia na Mvinyo wa Afrika Mashariki

 Ukitoka nje ya mji wa Eldoret utakutana na mahindi na ngano, si mizabibu. Hata hivyo, kwenye rafu za maduka makubwa majina Zinfandel, Primitivo na Sangiovese si mageni tena. Leo tunafuata nyayo za zabibu hizo: zilikotoka, nani aliwaleta ndugu zao karibu nasi, na kwa nini mzabibu umeikubali Dodoma mapema kuliko Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret. Jibu, kama utakavyoona, liko kwenye kiangazi.

ZINFANDEL: MWENYEJI AU MGENI?

Je, wajua kwamba Zinfandel, zabibu ambayo watu wa California waliihesabu kuwa yao kwa zaidi ya karne moja, asili yake ni Kroatia? Mwaka 2001 mtaalamu wa jenetiki Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na Ivan Pejić na Edi Maletić wa Chuo Kikuu cha Zagreb, walithibitisha kwa DNA kwamba mizabibu michache iliyosalia katika shamba moja huko Kaštel Novi, kwenye pwani ya Dalmatia, ndiyo Zinfandel yenyewe. Wenyeji waliiita Crljenak Kaštelanski. Baadaye ikabainika kuwa ndiyo Tribidrag, zabibu iliyokwisha kutajwa katika maandishi ya pwani hiyo tangu karne ya 15.

Je, wajua kwamba fumbo hilo lilianza kufumbuliwa mezani? Mwaka 1967 Austin Goheen, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka Marekani, alikuwa ziarani Puglia, kusini mwa Italia. Alipoonja mvinyo wa huko akakumbuka Zinfandel ya kwao. Akaomba kuoneshwa shamba, akakuta mizabibu ya Primitivo inayofanana kabisa na ile ya California. Miche ikapelekwa Davis na kupandwa sambamba na Zinfandel. Uchunguzi wa DNA wa miaka ya 1990 ukamaliza ubishi: Primitivo na Zinfandel ni mzabibu mmoja.

Je, wajua kwamba kulikuwa na Mkroatia aliyeshuku jambo hilo muda mrefu kabla ya maabara? Miljenko Grgich, aliyejulikana Marekani kama Mike, alifika California mwaka 1958, akaona Zinfandel inafanana na Plavac Mali ya nyumbani kwao. Alikosea kwa hatua moja tu: Plavac Mali ni mtoto, na Zinfandel ni mzazi. Huyu ndiye aliyetengeneza Chardonnay ya Chateau Montelena ya mwaka 1973 iliyoshinda mvinyo mweupe wa Ufaransa katika shindano maarufu la Paris la mwaka 1976. Alifariki Desemba 2023 akiwa na miaka 100.

Je, wajua kwamba sifa ya kuipeleka Zinfandel Marekani ilikaa kwa mtu asiyestahili? Kwa miaka mingi alisifiwa Agoston Haraszthy, Mhungari aliyefika nchini humo mwaka 1840. Lakini wauza miche wa pwani ya mashariki ya Marekani walikuwa tayari wanayo katika miaka ya 1830.

Je, wajua kwamba Zinfandel humtoa jasho mvunaji kwa sababu haiivi kwa pamoja? Shika kichala kimoja siku ya mavuno: huku zabibu nyeusi zilizojaa maji, kule kadhaa za kijani zenye ukakasi, na begani mwa kichala chache zilizokwisha kunyauka na kusinyaa kwa utamu. Ukizisubiri za kijani, nyingine zinakaukia mtini. Ukizivuna zote pamoja, zile zilizosinyaa huongeza sukari pipani, na ndiyo maana mvinyo wa Zinfandel mara nyingi hufika asilimia 15 ya kileo.

Je, wajua kwamba ile Zinfandel ya rangi ya waridi, tamu na nyepesi, ilizaliwa kwa bahati? Mwaka 1975 katika kiwanda cha Sutter Home, Napa, chini ya Bob Trinchero, chachu iligoma katikati ya kazi na kuacha sukari nyingi ndani ya mvinyo. Badala ya kuumwaga, waliuuza. Kufikia miaka ya 1980 ulikuwa miongoni mwa mvinyo ulionunuliwa zaidi Marekani, na mizabibu mingi mikongwe ya Zinfandel iliponea hapo, maana wakulima walikuwa mbioni kuing'oa.

Je, wajua kwamba marufuku ya pombe nchini Marekani, kati ya 1920 na 1933, haikuua mashamba yote ya zabibu? Sheria iliacha mwanya: kaya iliruhusiwa kutengeneza nyumbani galoni 200 za maji ya matunda kwa mwaka, sawa na lita 757 hivi. Hizo ni chupa elfu moja za kawaida. Zabibu zikawa zinasafirishwa kwa treni kutoka California hadi miji ya mashariki, ambako wahamiaji wa Kiitaliano walizipokea stesheni na kuzikamua kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao.

ITALIA: NCHI YA ZABIBU MAMIA

Je, wajua kwamba Italia ina zaidi ya aina 350 za zabibu za mvinyo zilizoidhinishwa rasmi? Ndiyo sababu mashamba ya ng'ambo yanayojitangaza kwa "zabibu za Italia" hulazimika kuchagua: Sangiovese ya Toscana, Barbera na Nebbiolo za Piemonte, au Aglianico ya kusini.

Je, wajua kwamba Primitivo ilichaguliwa na padri? Mwishoni mwa karne ya 18, Francesco Filippo Indellicati wa Gioia del Colle, huko Puglia, aliona mizabibu fulani inawahi kuiva kuliko mingine, akaitenga na kuipanda peke yake. Kuwahi huko ni faida kubwa: mavuno huingia ghalani kabla ya mvua za vuli.

Je, wajua kwamba Aglianico ni kinyume chake? Huvunwa Oktoba na hata Novemba, miongoni mwa zabibu za mwisho kabisa Italia. Inapenda jua jingi na muda mrefu.

Je, wajua kwamba Marzemino, zabibu nyeusi ya Trentino, imetajwa jukwaani na Mozart? Katika opera yake *Don Giovanni*, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Prague mwaka 1787, mhusika mkuu anausifia mvinyo huo akiwa mezani, dakika chache kabla ya kuburutwa kuzimu. Shika jina hilo. Utalikuta tena Dodoma.

Je, wajua kwamba mvinyo wa Amarone, wa Valpolicella, hutokana na zabibu zilizonyaushwa? Vichala hutandazwa kwenye vichanja kwa miezi kadhaa hadi vipoteze theluthi moja hivi ya uzito, ndipo vikamuliwe.

Je, wajua kwamba Barolo haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 38 tangu Novemba ya mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo 18 lazima ikae kwenye mapipa ya mbao?

Je, wajua kwamba mipaka ya eneo la Chianti iliwekwa kwa amri ya mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, mwaka 1716?

Je, wajua kwamba kilimo cha zabibu iitwayo Zibibbo katika kisiwa cha Pantelleria, kati ya Sicilia na Tunisia, kiliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa kiutamaduni wa binadamu mwaka 2014? Wakulima wa huko hupanda kila mzabibu ndani ya shimo dogo ili upepo usiupige.

DODOMA: WAITALIANO WALIPOPANDA

Je, wajua kwamba altare ndiyo iliyovuta mizabibu hadi katikati ya Tanzania? Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Divai ya papai au ya ndizi haikubaliki, hata ikiwa tamu namna gani. Mmisionari aliyekuwa mbali na bandari alikuwa na njia mbili: aagize kutoka Ulaya au apande.

Je, wajua kwamba eneo la kanisa la Dodoma liliundwa mwaka 1935 na kukabidhiwa Wapasionisti, shirika lililoanzishwa Italia? Mizabibu iliyopandwa na wamisionari wa Kiitaliano huko Bihawana katika miaka ya 1950 ndiyo inayotajwa kuwa mwanzo wa zabibu za Dodoma. Wagogo waliokuwa wakiishi kwa mtama, uwele na mifugo wakapata zao la biashara linalovumilia ukame wao.

Je, wajua kwamba Hombolo, katika mkoa wa Dodoma, kuna zabibu ambazo Mwitaliano wa Trentino angezitambua kwa majani tu? Kampuni ya Cetawico, iliyoanzishwa huko na Waitaliano, ilipanda Teroldego na Marzemino za kaskazini mwa Italia, pamoja na Aglianico ya kusini, kando ya Syrah, Chenin Blanc na ile nyekundu ya wenyeji, Makutupora. Anayetafuta zabibu za Italia zilizozoea udongo wa Afrika Mashariki aanzie hapo.

Je, wajua kwamba Makutupora ni jina la mahali kabla ya kuwa jina la zabibu? Ni kituo cha utafiti wa kilimo karibu na Dodoma, na zabibu nyekundu iliyosambazwa kwa wakulima kutoka huko ikachukua jina lake.

Je, wajua kwamba mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mwenzake wa Italia mara moja? Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, majani yakapukutika yenyewe. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima anaulaza kwa mkasi. Anapita mstari kwa mstari, anakata matawi ya msimu uliopita na kuacha vijiti vifupi vyenye macho mawili au matatu. Siku chache baadaye macho yanachipua, na baada ya miezi minne hivi vichala viko tayari. Msimu mmoja huangukia Machi, mwingine Agosti na Septemba.

Je, wajua kwamba misimu hiyo miwili si sawa? Zabibu za Machi hukua wakati wa mvua, na mvua huja na ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu yanayoshambulia majani na matunda. Za Agosti na Septemba hukomaa kiangazi: jua kali mchana, ubaridi usiku, maji kidogo na sukari nyingi. Ndizo zinazopendwa na watengenezaji wa mvinyo.

Je, wajua kwamba Dodoma "mchuzi" si wa nyama pekee? Mchuzi wa zabibu ni maji ya zabibu zilizokamuliwa na kuchachushwa, yanayohifadhiwa kwenye matangi kabla ya kumaliziwa na kufungashwa kuwa mvinyo. Zabibu iliyovunwa huanza kuharibika ndani ya siku chache, kwa hiyo mkulima asiye na mnunuzi wala tangi hana pa kushika. Mwenye mchuzi anaweza kusubiri bei.

KENYA: MSTARI MFUPI KULIKO WA JIRANI

Je, wajua kwamba wamisionari wa Consolata walioingia Kenya mwaka 1902 walitoka Torino, mji mkuu wa Piemonte, nyumbani kwa Nebbiolo na Barbera? Walikofikia, miongoni mwa Wagikuyu, walikuta sherehe zikiendeshwa kwa muratina, pombe ya asali. Tunda la mwegea hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha hutiwa kwenye maji ya asali. Nyuzi zake ndizo zinazobeba chachu. Kazi ni ileile inayofanywa na chachu ndani ya pipa la Barolo: kula sukari na kuacha kileo.

Je, wajua kwamba Kenya Wine Agencies, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilijulikana kwa mvinyo wa papai kabla ya kujulikana kwa wa zabibu? Baadaye ilipanda mizabibu Yatta, katika kaunti ya Machakos, na kutoa mvinyo kwa jina la eneo hilo.

Je, wajua kwamba mvinyo wa Leleshwa hutoka Naivasha? Rift Valley Winery, inayoutengeneza, iliuita kwa jina la kichaka chenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri kinachoota kwa wingi Bonde la Ufa. Miongoni mwa zabibu zake ni Sauvignon Blanc na Shiraz. Hizo ni za Kifaransa. Zabibu za Italia bado hazijashika Naivasha kama zilivyoshika Hombolo.

Je, wajua kwamba Richard Leakey, mtafiti wa visukuku na mpiganiaji wa ndovu aliyefariki Januari 2022, alikuwa pia mkulima wa zabibu? Kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Ngong, alipanda Pinot Noir, zabibu inayojulikana kwa ukaidi hata kwao Burgundy.

JE, ZINFANDEL INGEKUBALI ELDORET?

Je, wajua kwamba mzabibu wa karibu na ikweta hauogopi joto kama unavyoogopa mvua isiyokatika? Dodoma hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Eldoret hupata zaidi ya milimita 1,000, na Julai na Agosti, wakati Dodoma ni vumbi tupu, sisi tumejifunika makoti. Vichala vya Zinfandel vimeshonana na ganda lake ni jembamba. Maji yakiingia katikati, uozo unaanzia ndani kabla mkulima hajauona kwa nje.

Je, wajua kwamba kalenda inaweza kupangwa? Kiangazi cha uhakika cha Uasin Gishu ni Desemba hadi Februari. Ukihesabu miezi minne nyuma, mkasi unapaswa kuingia shambani Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ili zabibu ziive Januari na mapema Februari. Ni msimu mmoja tu wa kuaminika, si miwili kama Dodoma.

Je, wajua kwamba mkulima wa Eldoret anayetaka hali ya hewa ya Dodoma hahitaji pasipoti? Mji uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kwenye Bonde la Kerio kupitia Iten, unapoteza mita 1,000 hivi, na kwa kawaida kila mita 1,000 za kushuka huongeza nyuzi 6 za joto. Huko chini, kwenye maembe, urefu kutoka usawa wa bahari unakaribiana na wa Dodoma, mvua ni chache, na jua halina mchezo. Primitivo inayowahi kuiva, au Aglianico isiyochoka na jua, zingekuwa za kwanza kujaribiwa.

Je, wajua kwamba Zinfandel imeshafika Afrika? Blaauwklippen, shamba la Stellenbosch, Afrika Kusini, limejijengea jina kwa zabibu hiyo. Afrika Kusini yenyewe ilikamua mvinyo wake wa kwanza tarehe 2 Februari 1659.

HARAKA HARAKA

Je, wajua kwamba maji ya zabibu nyingi nyeusi hayana rangi? Wekundu unatoka kwenye maganda. Wakati wa kuchachuka maganda hupanda juu na kufunga tabaka nene, na wafanyakazi huyasukuma chini mara kadhaa kwa siku ili yaendelee kutoa rangi.

Je, wajua kwamba gramu 17 hivi za sukari katika kila lita huzaa asilimia 1 ya kileo? Mvinyo wa asilimia 15 ulianza na gramu 255 za sukari kwa lita.

Je, wajua kwamba mabalasi sita ya harusi ya Kana, kwa vipimo vinavyotajwa katika Injili ya Yohana, yalibeba kati ya lita 480 na 720 hivi? Kwa chupa za leo ni 640 hadi 960.

Je, wajua kwamba kuna marathoni ambayo wakimbiaji huonjeshwa glasi za mvinyo njiani? Ni ya Médoc, Ufaransa. Wengi hukimbia wamevaa mavazi ya maigizo, na ratiba ya mazoezi ya wanariadha wa Iten haisaidii sana pale.

Je, wajua kwamba Marekani huziorodhesha Zinfandel na Primitivo kama zabibu mbili tofauti kwenye lebo, ingawa DNA imesema ni moja? Ukizikuta rafuni pamoja, nunua moja ya kila jina uonje kwa kulinganisha. Tofauti utakayoipata imetoka kwenye udongo, hali ya hewa na mikono ya mtengenezaji.

Je, wajua, mwisho, hesabu ya chupa hiyo? Mililita 750 za mvinyo wa asilimia 15 zina mililita 112 hivi za kileo kitupu. Bia ya Tusker ya nusu lita, kwa asilimia 4.2, ina mililita 21. Aliyemaliza chupa ya Zinfandel peke yake amekunywa Tusker tano na nyongeza. Umri wa kisheria ni miaka 18, na funguo za gari apewe asiyekunywa.